Fuwele Zitiririkazo: Historia ya Hali Iliyokosa Mahali

Tangu zamani watu wamezoea kuvigawa vitu vya dunia katika mafungu matatu: yabisi, kioevu na hewa. Barafu, maji na mvuke ni mfano ambao kila mwanafunzi hufundishwa. Mtu wa pwani ameyaona mafuta ya nazi yakiganda asubuhi ya kipupwe na kuyeyuka jua lipandapo, na kwa mafuta hayo hana haja ya fungu la nne. Lakini viko vitu ambavyo vikiyeyushwa haviendi moja kwa moja kutoka uyabisi hata uoevu. Hukaa kwanza katika hali ya kati, ambayo si ya huku wala si ya kule. Insha hii ni habari za hali hiyo: jinsi ilivyoonekana katika mwaka 1888, jinsi ilivyobishaniwa na mabingwa kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, na jinsi ilivyokubaliwa hata ikaingia mifukoni mwetu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba katika historia ya elimu, kukiona kitu kipya huwa mara nyingi ni sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito ni kukipatia mahali miongoni mwa vitu vilivyokwisha kupewa majina.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya neno fuwele. Chembe ya chumvi na chembe ya sukari ni fuwele. Ndani yake vijisehemu vidogo kabisa vimepangwa safu kwa safu kama matofali ya ukuta, na kila kimoja hushika mahali pake. Katika kioevu hapana mpango huo. Vijisehemu vyake, viitwavyo molekuli, husukumana na kupinduka ovyo kama punje za mtama katika kapu litikiswalo. Basi kwa watu wa karne ya kumi na tisa, kusema kwamba iko fuwele itiririkayo kulikuwa sawa na kusema kwamba uko ukuta umwagikao. Maneno yenyewe yalipingana.

Aliyeanzisha mambo haya hakuwa mtafuta ugomvi. Friedrich Reinitzer, aliyezaliwa Prague mwaka 1857, alikuwa mtaalamu wa mimea na kemia katika Chuo Kikuu cha Kijerumani cha mji huo. Alikuwa akichungua kolesteroli, kitu chenye asili ya mafuta, ili ajue namna kilivyoundwa. Njia mojawapo ya kemia ya siku zile ilikuwa kukiunganisha kitu na asidi fulani, kisha kupima joto ambalo kiungo kipya huyeyuka. Joto la kuyeyuka lilikuwa kama cheti cha usafi: kitu safi huyeyuka mahali pamoja tu, na kitu chenye taka huyeyuka kwa kusitasita. Reinitzer alipokipasha moto kiungo cha kolesteroli na asidi ya benzoiki, aliona ajabu. Kilipofika digrii 145.5 za sentigredi kiliyeyuka, lakini kikawa kioevu chenye ukungu. Kilipofika digrii 178.5 ukungu ule ulitoweka ghafula na kioevu kikawa cheupe kabisa. Kilipopoa, rangi za buluu na urujuani zilipita juu yake kabla hakijaganda. Alikisafisha tena na tena, lakini ajabu ile ilirudi vile vile, na katika digrii zile zile.

Hapa pana jambo la kusifiwa. Kitu chenye vyeti viwili vya kuyeyuka kingaliweza kutupwa kwa kudhaniwa kuwa kichafu, na hakuna ambaye angalimlaumu. Reinitzer hakukitupa. Tarehe 14 Machi, 1888, alimwandikia barua ndefu Otto Lehmann, mwanafizikia aliyekuwa Aachen, akampelekea na vipande vya kiungo hicho ili avitazame. Katika mwaka huo huo alitangaza habari zake mwenyewe kwa maandishi.

Uchaguzi wake ulikuwa mwema. Lehmann, aliyezaliwa Konstanz mwaka 1855, alikuwa ameunda hadubini iliyoweza kupasha moto kitu kidogo huku kikitazamwa, na iliyotumia nuru ya namna ya pekee. Nuru ya kawaida hutikisika pande zote. Ikipitishwa katika mchujo maalumu hubaki ile itikisikayo upande mmoja tu. Ukiweka mchujo wa pili uliogeuzwa kwa pembe mraba na wa kwanza, giza huingia. Maji au mafuta yakiwekwa kati ya michujo hiyo miwili, giza hubaki. Lakini aghalabu fuwele ikiwekwa hapo hung'ara kwa rangi, kwa sababu mpango wa ndani yake huipinda nuru. Lehmann alikiweka kioevu cha Reinitzer chini ya hadubini yake, nacho kiking'ara. Kilitiririka kama mafuta, na papo hapo kiling'ara kama fuwele.

Katika mwaka 1889 Lehmann, ambaye sasa alikuwa profesa mjini Karlsruhe mahali pa Heinrich Hertz, alichapisha makala iliyozungumza waziwazi juu ya fuwele zitiririkazo. Mwaka uliofuata Ludwig Gattermann alitengeneza viungo vingine vyenye tabia hiyo hiyo, ambavyo havikuwa na kolesteroli hata kidogo na ambavyo viliweza kutengenezwa katika hali ya usafi. Basi ajabu ile haikuwa tena tabia ya kitu kimoja cha Prague.

Hata hivyo mabingwa wengi walikataa. Aliyekuwa mashuhuri kati yao ni Gustav Tammann, ambaye kazi yake juu ya kuganda na kuyeyuka kwa vitu iliheshimiwa Ulaya nzima. Walther Nernst naye hakuamini. Si haki kuwacheka watu hawa, kwa maana hoja yao ilikuwa na uzito. Tammann alisema: maziwa yana ukungu kwa sababu vitone vya mafuta vimetawanyika katika maji, vitu viwili visivyochanganyika vikitikiswa pamoja hufanya ukungu. Basi kioevu hiki nacho ni mchanganyiko wa vitu viwili, kimoja kikiwa ni taka iliyobaki baada ya kusafisha. Ukungu ni ushahidi wa uchafu. Na palipo na uchafu, joto la kuyeyuka halina budi kuyumba.

Hoja hii ilikuwa na faida moja: iliweza kupimwa. Maziwa yakiachwa hutengana, na mafuta hupanda juu. Vioevu vya Lehmann viliachwa visitengane. Kitu kichafu husafika katika joto la kuyumbayumba, bali hivi vilisafika katika digrii maalumu, leo na kesho. Rudolf Schenck alifanya majaribio ya namna hiyo na katika mwaka 1905 akaandika kitabu kizima cha kuitetea hali mpya. Mwaka huo huo wanakemia wa Ujerumani walikutana Karlsruhe, na Lehmann akawaonyesha vitu vyake hadharani chini ya hadubini. Wahenga husema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Walioketi pale waliambiwa tazama, wakatazama, na wengine wao hawakuona. Tammann aliondoka na shaka yake kama alivyokuja nayo. Haikuwa kasoro ya macho. Katika fikira zake fuwele ilikuwa imekwisha kuelezwa kuwa ni kitu kisichotiririka. Basi kila kilichotiririka mbele yake kilikuwa kimekwisha hukumiwa kabla ya kutazamwa.

Nyumba ya watetezi nayo haikukosa ugomvi. Kadiri sifa za fuwele zitiririkazo zilivyozidi, ndivyo jina la Lehmann lilivyotajwa na jina la Reinitzer lilivyosahauliwa. Katika mwaka 1908 Reinitzer, ambaye wakati huo alikuwa profesa mjini Graz, aliandika historia fupi ya jambo hili ili kukumbusha kwamba ni yeye aliyeiona ajabu ile kwanza na kuipeleka kwa mwenzake. Lehmann naye alijitetea. Tukiwapima leo kwa mizani ya haki, tutasema kwamba mmoja aliona na wa pili alifahamu alichokiona mwenzake. Na elimu hii ilihitaji wote wawili.

Jibu lililomaliza hoja ya uchafu lilitoka katika mji wa Halle. Huko Daniel Vorländer na wanafunzi wake walitengeneza, mwaka baada ya mwaka, viungo vipya kwa mamia, wakiandika ni kipi chenye hali ya kati na kipi kisicho nayo. Katika kazi hiyo kulidhihirika kanuni: molekuli ikiwa ndefu na iliyonyoka kama ufito, hali ya kati hutokea, ikipindwa, au ikiongezewa tawi la pembeni, hali hiyo hudhoofika au hutoweka. Nguvu ya ushahidi huu ni rahisi kufahamu. Kama ukungu ungalikuwa taka, usingalijali umbo la molekuli. Taka haichagui fito zilizonyoka na kuziacha zilizopinda. Kwa njia hii Vorländer alilitoa shauri hili katika mabishano ya macho na kulitia katika kanuni ambayo mtu yeyote mwenye subira angaliweza kuihakikisha.

Mwandishi wa historia hapaswi kuficha kwamba aliyekuwa upande wa kweli naye alipita mpaka. Lehmann aliona vitone vyake vikiungana, vikigawanyika, vikirefuka na kujipinda kama wadudu, akaandika juu ya fuwele zilizofanana na viumbe hai. Ernst Haeckel, mtaalamu wa viumbe, alilipokea wazo hilo na katika mwaka 1917 akachapisha kitabu kilichosema juu ya roho za fuwele. Madai ya namna hii yaliwapa wapinzani silaha, na mtu aliyesumbuka miaka mingi kuthibitisha neno moja la kweli akadhaniwa kuwa mwota ndoto. Lehmann alipendekezwa mara kadhaa kupewa tuzo ya Nobel, asiipate. Alifariki katika mwaka 1922.

Katika mwaka huo huo Mfaransa Georges Friedel, aliyekuwa Strasbourg, alichapisha makala ndefu iliyoweka mambo katika taratibu. Friedel hakulipenda hata kidogo jina la Lehmann. Alisema kwamba vitu hivi si fuwele wala si vioevu vya kawaida, na kwamba kuviita kwa majina mawili yapinganayo ni kuendeleza ugomvi. Ni hali za kati, zenye haki ya kusimama zenyewe. Kisha akazigawa katika mafungu matatu, na majina aliyozipa yangali yakitumika.

La kwanza aliliita nematiki, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya uzi, kwa sababu ya nyuzi zionekanazo katika hadubini. Ili kulifahamu, na tuwafikirie dagaa katika maji: kila mmoja huogelea na kuhama mahali pake, lakini vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Molekuli za nematiki zimeshika mwelekeo bila ya kushika mahali. La pili aliliita smektiki, kutokana na neno la Kiyunani la sabuni. Hapa molekuli zina mwelekeo, na zaidi ya hayo zimejipanga tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa ambayo kila mmoja waweza kuteleza juu ya mwenziwe. La tatu lilipata jina lake kwa kolesteroli: molekuli zimeelekea upande mmoja kama katika nematiki, ila upande huo hugeuka kidogo kidogo kadiri mtu aingiavyo ndani, kama vipandio vya ngazi ya mzunguko. Msokoto huo ukilingana na urefu wa mawimbi ya nuru, rangi hutokea. Hizo ndizo rangi za buluu na urujuani alizoziona Reinitzer, na zilikaa miaka thelathini na minne zikingoja maelezo.

Friedel hakuitaja sabuni kwa bahati tu. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyachukiao. Zikiwa nyingi katika maji hujipanga zenyewe, vichwa nje na mikia ndani, bila ya mkono wa mtu kuzipanga. Habari za kujipanga huku zina historia yao, na sehemu yake moja ilianzia jikoni. Agnes Pockels, mwanamke wa Braunschweig ambaye hakuingia chuo kikuu, aliunda chombo cha bati cha kupimia nguvu ya uso wa maji na namna utando mwembamba wa mafuta uubadilishavyo. Katika mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza, naye akahakikisha barua hiyo inachapishwa katika jarida la Nature. Irving Langmuir wa Marekani aliendeleza njia hiyo, akaonyesha katika mwaka 1917 kwamba utando huo waweza kuwa na unene wa molekuli moja tu, zote zimesimama kama majani ya shamba la mpunga. Kisha katika mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, waliyatoa mafuta yaliyomo katika ngozi za chembechembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, na kukuta kwamba yalifunika eneo kama mara mbili ya eneo la chembechembe zenyewe. Wakakata shauri kwamba ngozi hiyo ina tabaka mbili za molekuli. Vipimo vyao vilikuwa na makosa, nayo makosa yalifutana. Lakini neno la tabaka mbili limesimama hata leo. Ngozi hiyo ni laini, na molekuli zake huteleza ndani ya tabaka bila ya kuuvunja mpango. Basi Lehmann alikosea aliposema kwamba fuwele zake zinakaribia kuwa hai. Lakini ni kweli kwamba kila kiumbe hai kimefunikwa kwa kitu cha jamaa yake.

Baada ya Friedel kazi iliendelea kwa miaka michache. Mjini Leningrad, Vsevolod Fréedericksz alionyesha kwamba nguvu ya sumaku au ya umeme huweza kuzigeuza molekuli za nematiki zilizofungwa kati ya vioo, mara tu nguvu hiyo ipitapo kiasi fulani. Mtu huyu alikamatwa na serikali ya nchi yake katika mwaka 1936, akafariki mwaka 1944. Mjini London wataalamu walikutana mwaka 1933 kuzungumza juu ya hali hizi. Kisha kulikuja vita, na baada ya vita, ukimya. Wengi waliona kwamba jambo limekwisha kufahamika na kwamba halina matumizi.

Ukimya ulivunjwa katika miaka ya 1960. George Gray, Mskoti aliyefundisha Chuo Kikuu cha Hull, alitoa kitabu juu ya fuwele hizi katika mwaka 1962. Katika mwaka huo huo, huko Marekani, Richard Williams wa kampuni ya RCA aliona michirizi ikitokea katika nematiki iliyotiwa umeme. Mwenzake George Heilmeier alilifuata jambo hilo, na katika mwaka 1968 kampuni yao ilionyesha hadharani vioo vilivyoandika tarakimu kwa umeme. Kisha katika mwezi wa Desemba, 1970, Wolfgang Helfrich na Martin Schadt, waliokuwa Basel, walisajili njia iliyo bora zaidi. James Fergason wa Marekani alifikia wazo hilo hilo kwa njia yake.

Njia yenyewe ni hii. Vioo viwili huwekwa karibu sana, na uso wa kila kimoja hupanguswa kwa upande mmoja ili molekuli zilizo karibu nao zilale kwa kuufuata mpanguso. Kioo kimoja kikipanguswa kuelekea kaskazini na cha pili kuelekea mashariki, molekuli za katikati hulazimika kugeuka taratibu kutoka upande huu hata ule, na nuru ipitayo hugeuka pamoja nazo. Kwa hiyo nuru huweza kupita katika michujo miwili iliyokingamana. Umeme kidogo ukitiwa, molekuli husimama, msokoto huvunjika, na pale pale pana giza. Kwa alama za giza na nuru tarakimu huandikwa. Ni hadubini ya Lehmann iliyofanywa nyembamba na kuvaliwa mkononi.

Ila kulikuwa na kizuizi. Viungo vilivyojulikana vilihitaji joto jingi, au viliharibiwa na unyevu, kwa sababu molekuli zake zilikuwa na kiungio dhaifu katikati. Gray na wenzake walifanya jambo la busara: walikiondoa kiungio hicho kabisa na kuziunganisha pete mbili za kaboni moja kwa moja. Viungo vipya vilitangazwa mwaka 1973. Kimoja chao hukaa katika hali ya nematiki kati ya digrii 24 na 35 hivi, yaani joto la chumba cha kawaida, wala hakiharibiki upesi. Peter Raynes, aliyekuwa katika maabara ya serikali huko Malvern, alivichanganya viungo vinne vya jamaa hiyo akapata mchanganyiko uliofaa katika baridi na katika joto. Kutoka hapo zilienea saa na mashine ndogo za hesabu, na baadaye televisheni na simu. Tazama kwamba ufunguo wa Gray ulikuwa ule ule wa Vorländer: unyofu wa ufito.

Nataka kutaja tukio moja zaidi. Katika mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mwanakemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alipata mchanganyiko wa molekuli ndefu uliokuwa mwepesi na wenye ukungu, ambapo kwa desturi ulipaswa kuwa mzito na angavu. Fundi wa mashine ya kusokotea nyuzi alisita kuupokea, kwa hofu kwamba ukungu ule ni chembe za taka zitakazoziba matundu. Kwolek alishikilia usokotwe. Ukungu ulikuwa mpango: molekuli zilikuwa zimelala sambamba kama fito za mzigo mmoja, na uzi uliopatikana, uitwao Kevlar, ni wenye nguvu kuliko chuma cha uzito ule ule. Miaka sabini na saba baada ya Prague, hukumu ya uchafu ilikuwa karibu kutolewa tena.

Katika mwaka 1991 Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, na sababu mojawapo ilikuwa kazi yake juu ya mpango wa molekuli katika hali hizi. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita tangu barua ya Reinitzer. Hapana aliyebisha tena.

Sisi tushughulikao na lugha tuna sehemu yetu katika historia hii. Jina la Lehmann lilikuwa na kasoro, kama Friedel alivyosema, na ndilo ambalo dunia imelishika. Mimi nimeandika fuwele zitiririkazo kwa sababu kitenzi chetu huitwaa sifa na kuifanya mwendo, nao mwendo ndio uliowashinda wapinzani. Mwingine aweza kupata neno bora. Lakini tukumbuke kwamba neno hutengenezwa ili litumikie kitu. Tammann alikuwa mtu mkubwa wa elimu, na kosa lake lilikuwa kukitaka kitu kilitumikie neno. Reinitzer alikuwa na kijiko cha kioevu chenye ukungu kisichoingia katika fungu lolote, na badala ya kukimwaga alikitia katika bahasha akaomba rai ya mwenzake.